Andika Ili Koplo Akuelewe

Ukitaja vita vya 1914 kwenye baraza lolote la Ngamiani, hapa Tanga, jibu la kwanza utakalopata ni nyuki. Wazee wanasimulia, vijana wanaongeza chumvi, na mwisho wa yote jeshi zima la Mwingereza limetimuliwa na wadudu. Nyuki walikuwepo kweli, na hawakuchagua wa kumuuma. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliandika baadaye kwamba baadhi ya bunduki zake mwenyewe za rashasha zilinyamaza kwa sababu yao. Lakini mimi nimemaliza utumishi wangu jeshini, na sehemu kubwa niliimaliza kwenye kiti cha mnadhimu nikisoma na kuandika amri za wakubwa. Kila nikipita Raskazone nawaza habari nyingine. Nawaza maneno ya vita vile: yaliyofika kwa wakati, yaliyokosekana, na yaliyoeleweka sivyo.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari HMS Fox ilifika Tanga. Kapteni wake, Francis Caulfeild, akataka mji usalimu amri, akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, akaomba muda wa kushauriana. Alipopewa muda akautumia kupeleka habari kwa simu ya maandishi, kisha akavaa sare na kwenda kujiunga na wapiganaji. Reli ya Tanga ilikuwa imeshafika Moshi tangu 1911, kwa hiyo ujumbe mfupi ulitosha kuwapakia askari kwenye treni. Kamanda wa Waingereza, Meja Jenerali Arthur Aitken, alikuwa na watu wapatao 8,000 melini. Lettow-Vorbeck alipigana akiwa na watu kama 1,000. Aitken alikuwa ameukataa msaada wa King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, watu walioijua nchi hii, na akashuka pwani bila upelelezi wa maana. Lettow-Vorbeck alipanda baiskeli usiku, akakatiza mji uliokuwa mtupu, akaenda kujionea mwenyewe maadui walikoshukia. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma bunduki nyingi, 16 kati yake za rashasha, na risasi 600,000.

Kuna kipande ambacho wasimulizi wa nyuki hawakifikii. Jioni ya tarehe 4, mapigano yalipotulia, washindi nao walipotezana kwa amri. Kombania za Lettow-Vorbeck zilielewa kwamba zimetakiwa kurudi kambi yao ya awali, magharibi ya mji. Zikarudi. Tanga ikabaki wazi usiku ule, na Aitken hakujua. Taarifa moja ya doria, mistari mitatu iliyoandikwa na luteni mwenye akili timamu na kupelekwa kwa mtu wa kuisoma, huenda ingegeuza historia ya mji huu.

Ndiyo maana nasema kuandika ni sehemu ya ukamanda. Luteni anaongoza watu thelathini hivi, anawaona, wanamwona, akipaza sauti wanasikia. Akikosea neno, sajenti wake anaelewa alichokusudia na mambo yanakwenda. Lakini kadiri cheo kinavyopanda, ndivyo watu anaowaamuru wanavyozidi kuwa mbali na macho yake. Akifika ngazi ya kikosi, sauti yake kwa walio wengi ni karatasi. Hawatamwona alivyokunja uso wala hawatapata nafasi ya kumuuliza, "Afande, una maana gani?" Watafuata kilichoandikwa.

Mpwa wangu ni Luteni Usu, ametoka chuo cha maafisa cha Monduli si muda mrefu. Alipokuja likizo, baada ya shikamoo na chai na mahamri, akatoa la moyoni.

"Mjomba, mimi niliomba jeshi nikaongoze askari. Sasa kila siku ni taarifa, dokezo, taarifa. Hii si kazi ya karani?"

Nikamwambia, "Karani anapokea, anachapa, anafungua jalada. Anayetia sahihi ni nani?"

"Mimi."

"Basi na damu ikimwagika kwa neno lako, ni wewe."

Nikamsimulia habari ya Balaclava, katika vita vya Waingereza na Warusi huko Crimea. Tarehe 25 Oktoba 1854, Lord Raglan, kamanda wa Waingereza, alikuwa juu kilimani, bonde lote liko chini yake. Aliwaona Warusi wanataka kuondoa mizinga waliyoiteka kwenye vilima vya pembeni. Akatoa amri, Jenerali Airey akaiandika kwa penseli: askari wa farasi wasonge mbele haraka, wamfuate adui, wajaribu kumzuia asiondoe mizinga. Mizinga ipi? Karatasi haikusema. Lord Lucan, mkuu wa askari wa farasi, alikuwa chini, hakuweza kuona alichokiona Raglan. Kapteni Nolan aliyeileta karatasi alipoulizwa, akanyoosha mkono tu. Wapanda farasi wapatao 670 wakaingia bonde lenye mizinga mbele na pande zote mbili. Zaidi ya 100 wakafa, Nolan akiwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. "Mizinga ya kilimani": neno moja tu la kuongeza lingewapeleka kwingine. Raglan aliandika kwa macho yake mwenyewe, akasahau macho ya anayepokea.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada ambao Raglan hakuwa nao, nao ni saa. Mtu wa Makorora akikwambia saa kumi na moja, ni alfajiri au jioni. Jeshini tunahesabu saa ishirini na nne kuanzia usiku wa manane. Sasa afisa anaandika, "Msafara utaondoka saa kumi na moja," nakala moja inakwenda kwenye kombania, nyingine kwa halmashauri iliyotuazimisha lori. Kombania inaweza kusoma 1100. Dereva wa halmashauri atakuja alfajiri, au atakuja magharibi inakaribia. Wote wamesoma sawasawa na wote wamekosana. Andika 0500, na kama barua inawafikia raia, ongeza "saa kumi na moja alfajiri". Nimesisitiza jambo hili kwa kila kijana aliyepita ofisini kwangu, na sioni sababu ya kuacha kusisitiza sasa.

Amri ya kijeshi ina mpangilio wake, na mpangilio huo ni hazina. Kwanza hali: adui yuko wapi, wenzetu wako wapi. Pili jukumu. Tatu utekelezaji, yaani nani afanye nini, wapi, lini. Nne utawala na ugavi: chakula, risasi, majeruhi. Tano ukamanda na mawasiliano. Jukumu likitolewa kwa mdomo husomwa mara mbili, kwa sababu likipotea hilo, mengine yote hayana kazi. Ukiweza kuliandika jukumu lako kwa sentensi moja ambayo koplo mchovu, aliyepata usingizi wa saa mbili tu, ataisoma chini ya tochi na kuielewa, basi umeifikiria kazi yako hadi mwisho. Ukishindwa, mara nyingi hujui unachotaka. Hili la pili ndilo linalonifanya niupende uandishi: unamfichua afisa mapema, kabla hajawapeleka watu mahali.

Lakini vita si kazi ya kila siku, na nisingependa msomaji afikiri nazungumzia vita tu. Afisa wetu wa kawaida ataandika taarifa za ajali, za uchunguzi, za mwenendo wa askari, mapendekezo ya vyeo na kozi. Hapo ndipo nimeona maumivu mengi yasiyokuwa na sababu. Niliwahi kuletewa jalada la koplo aliyevunjika mguu ajalini, katika kikosi ambacho sitakitaja. Fidia yake ilikuwa imekwama muda mrefu. Nikafungua jalada kutafuta taarifa ya kwanza, ile ya siku ya tukio. Ilikuwa hivi, karibu neno kwa neno:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mnamo tarehe tajwa gari la kikosi lilipata ajali na kusababisha majeruhi kwa baadhi ya askari. Hatua stahiki zimechukuliwa. Naomba kuwasilisha."

Basi. Ina muhuri, ina sahihi, ina kumbukumbu namba, na haina kitu. Gari gani? Wapi? Nani aliumia, na wapi mwilini? La muhimu kuliko yote kwa yule koplo: alikuwa kazini, au alikuwa amepanda lifti kwenda mjini? Swali hilo moja ndilo lililokuwa limeshikilia haki yake. Afisa aliyeandika alikuwa ameshahamishwa, dereva amestaafu, na daftari la zamu la mwezi ule halikuonekana. Mke wa koplo alikuwa akija getini mtoto mgongoni kuulizia. Ilibidi watu waandikiwe huko waliko, mmoja mmoja, waeleze walichokumbuka. Kazi ya dakika kumi siku ya ajali iligeuka mateso ya familia nzima.

Nilimwonyesha mpwa wangu ingekuwaje, kwa mfano wa kubuni: "Leo saa 1740 lori la kikosi lililokuwa likipeleka maji kutoka Pongwe kwenye eneo la mazoezi lilipinduka. Ndani walikuwemo dereva na koplo wa ugavi, ambaye alikuwa kazini kwa amri ya Afisa Zamu. Koplo amevunjika mguu wa kulia chini ya goti. Alifikishwa Hospitali ya Bombo saa 1855. Dereva hakuumia. Barabara ilikuwa na utelezi. Mvua ilianza saa 1700." Hapo hamna ufundi wa mshairi. Kuna mtu aliyejiuliza nani atakayeisoma karatasi hii baada ya miaka mitano, na atahitaji kujua nini.

Tazama pia kile kiwingu cha maneno: hatua stahiki zimechukuliwa. Zimechukuliwa na nani? Kiswahili kinaturuhusu kumficha mtendaji kwa silabi moja tu, -wa, na ofisi zetu zimeipenda mno silabi hiyo. Iliamuliwa. Ilipendekezwa. Imeelekezwa. Afisa akizoea kuandika hivyo, anazoea na kufikiri hivyo, mpaka siku moja mambo yanaharibika na hakuna mtu hata mmoja aliyefanya lolote.

Kuna karatasi moja ya Jenerali Dwight Eisenhower, Mmarekani aliyeongoza majeshi ya washirika dhidi ya Wajerumani, ambayo ningependa kila afisa wetu aijue. Mwezi Juni 1944, siku moja kabla majeshi hayajatua Normandy, pwani ya Ufaransa, aliandika kwa mkono ujumbe mfupi wa kutangaza endapo operesheni ingeshindwa. Mkono ulikuwa umechoka kiasi kwamba aliweka tarehe ya Julai badala ya Juni. Mwanzoni aliandika kwamba askari wameondolewa. Akaikata. Akaandika kwamba yeye amewaondoa askari. Mahali pengine alipotaja operesheni hii akakata pia, akaandika uamuzi wangu wa kushambulia. Akamaliza kwa kusema kwamba kama kuna lawama yoyote, ni yake peke yake. Ujumbe haukutumika, operesheni ilifaulu. Lakini zile sehemu alizokata ndizo zinazonigusa. Hakuna aliyekuwa amesimama nyuma yake kumsahihisha sarufi. Alijisahihisha kwa sababu aliona ile sentensi ya kwanza inamkwepesha, na kamanda hakwepi.

Sisemi tuige wageni tu. Tarehe 2 Novemba 1978, miaka 64 kamili tangu siku ile HMS Fox ilipofika Tanga, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba Idi Amin ameivamia Kagera. Alisema tuna kazi moja tu, ni kumpiga. Uwezo tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Mpishi wa Chumbageni alielewa na brigedia alielewa. Sijaona jukumu lililotamkwa kwa usafi zaidi ya huo katika lugha yoyote ninayoisoma. Ukiyapima maneno yale utakuta hakuna hata moja la kuremba. Kwa hiyo kijana akiniambia Kiswahili hakitoshi kwa mambo ya kijeshi, simkubalii. Wengi wetu tulisoma mbinu kwa Kiingereza, tukarudi vikosini tukaandika Kiswahili cha kuburuza, nusu tafsiri nusu mazoea ya masijala, kisha tukailaumu lugha.

Kuna uandishi mwingine tunaoufanya kwa uchache mno: afisa kuwaandikia maafisa wenzake, kueleza alichojifunza. Waingereza waliunda taasisi yao ya kujadili mambo ya ulinzi mwaka 1831, na inachapisha jarida mpaka leo. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina jarida lake huko Fort Leavenworth tangu 1922, na mwaka 2023 walianzisha mpango wa kuwarudisha maafisa kwenye kalamu baada ya kuona wameiacha. Jeshi letu la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Limepigana Kagera mpaka Kampala na kupita. Limekwenda Darfur, na mwaka 2013 lilikuwa sehemu ya brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopambana na waasi wa M23 mashariki ya Kongo. Ujuzi uliopatikana huko ni mkubwa. Sehemu kubwa imo vichwani mwa watu, na watu wanazeeka, wanazikwa nao.

Najua atakayesema: siri. Siri ni siri, na nimeitunza maisha yangu yote. Lakini namna ya kuokoa magari yaliyokwama kwenye tope la masika haifichwi na mtu. Namna ya kuongea na mwanakijiji anayeogopa sare haifichwi. Namna ya kumgundua mapema askari aliyerudi vitani na asiyelala usiku, hiyo ingefaa ibandikwe ukutani. Andika, pitisha kwa wakubwa wako, watakuondolea kisichofaa kutoka. Utaratibu upo kwa kazi hiyo hiyo.

Tusipoandika, wengine wataandika, na tutaishi ndani ya maandishi yao. Rudi kwenye vita vya Tanga. Tunavijua kwa kitabu cha Lettow-Vorbeck, aliyejisifu anapojisifu, na kwa shajara za Richard Meinertzhagen, afisa wa intelijensia wa Aitken, zilizonukuliwa na watu wengi kwa miaka mingi kabla wachunguzi hawajaonyesha kwamba si za kuaminiwa, na kwamba hata sampuli za ndege wa mwituni alizozikusanya zilikuwa na wizi na udanganyifu ndani yake. Askari weusi waliopigana hapa, na Wahindi waliokufa kwenye mashamba ya Raskazone, hawakutuachia sauti yao kwa kiasi cha kulingana. Wapagazi ndio kabisa. Waliokufa katika utumishi wa Waingereza Afrika Mashariki wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na familia nyingi hazikulipwa ujira wa marehemu wao, kwa kuwa majina na vijiji vyao viliandikwa ovyo au havikuandikwa. Kariakoo tunakwenda kununua vitunguu kila siku, na jina lile ni lao: limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Pwani hii haikuwa hivyo zamani. Wajerumani walipoiteka Mrima na kumnyonga Abushiri, kiongozi wa upinzani, Pangani mwezi Desemba 1889, Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa huku huku, aliitungia vita hiyo utenzi kwa hati za Kiarabu. Aliyeshindwa aliandika. Leo mtafiti anayetaka kujua vita vile vilionekanaje kwa macho ya mwenyeji hana budi kupita kwake. Najiuliza Kagera ina akina Hemedi wangapi miongoni mwa sisi tuliovaa sare, na jibu halinifurahishi. Wapo wazee hapa Tanga waliovuka mto Kagera wakiwa vijana wa miaka ishirini. Nimewaomba wawili waanze kuandika, na asiyeweza kushika kalamu tena nimemwombea mjukuu wake aandike anaposimulia. Tarehe, jina la mahali, nani alikuwepo, mlikula nini. Hukumu ya mambo makubwa waiache mwisho, wakipenda.

Mpwa wangu amesharudi kikosini. Juzi amenitumia kurasa nne alizoandika mwenyewe, juu ya matumizi ya maji katika matembezi ya mazoezi Handeni wakati wa kiangazi. Zimeanza vizuri: mstari wa kwanza unasema alichogundua. Hakuna "husika na". Nimemrudishia nikiwa nimemwuliza pembeni mambo mawili. Askari walioishiwa maji kabla ya wenzao walikuwa wamebeba nini? Na pale alipoandika kwamba njia ilibadilishwa, ni nani aliyeibadilisha? Akishajibu, azipitishe kwa Mkuu wake wa Kikosi.